Kutoka "banakuya" hadi "balikuyaka": askari wa zamani, jamaa zao na tiba ya kusimulia

Neno ambalo askari wa zamani huambiwa mara nyingi zaidi hapa Lubumbashi ni fupi: sahau. Au, kama tunavyolitamka nyumbani, sahabu. Mama humwambia mwanawe, mke humwambia mumewe, mchungaji humwambia muumini wake, na jirani huongeza kwamba vita vimekwisha, sasa tufikirie maisha. Wote husema kwa upendo. Hata hivyo nashikilia kwamba neno hilo humdhuru mgonjwa wa kiwewe cha vita kuliko linavyomsaidia. Ipo tiba inayofanya kinyume chake. Imejaribiwa Uganda na hata Goma, na chombo chake kikuu ni lugha. Kwa sababu hiyo inatuhusu sisi wa fakilte ya lugha, wanafunzi na maprofesa, kuliko tunavyodhani.

Askari tulio nao

Katika nchi hii kila kizazi kina askari wake, na Katanga imepata sehemu yake kubwa. Mnamo 1941 Force Publique ilipeleka askari wa Kongo hadi Abisinia kupigana na Waitalia. Kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, wakati wa kujitenga, walikuwako magendarme wa Katanga. Wengi wao walikimbilia Angola, na baadhi wakarudi na silaha katika vita vya Shaba vya 1977 na 1978. Aprili 1997 waliingia makadogo wa AFDL. Baadaye eneo la Mitwaba, Manono na Pweto likaitwa pembetatu ya kifo kwa ajili ya vita vya Mai-Mai, na tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa Bakata Katanga wakafika hadi katikati ya mji wetu. Tangu Goma ilipotwaliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, wako wake wa askari ambao kila simu inapolia huogopa kuipokea.

Lichukueni neno kadogo. Limeundwa kwa kiambishi ka- cha udogo, kile kile tunachokisikia katika Kiluba. Tulilitoa kwa mtoto aliyebeba bunduki iliyokaribia kumzidi urefu, na limebaki kwake hata baada ya kukua. Aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1996 leo amepita 40, ana mke na watoto, na bado mtaani anaitwa kadogo. Jina halikukua pamoja naye, na kwa wengine hata hofu haikukua wala kupungua. Imebaki na umri wa siku ile.

Serikali imekuwa na mipango ya kuwatoa wapiganaji katika silaha, kuanzia CONADER hadi PDDRC-S iliyoundwa mwaka 2021. Mipango hii hushughulikia silaha, usafiri, mafunzo ya kazi na maisha ya kijiji. Ni mambo ya lazima. Lakini mtu anaweza kuirudisha bunduki, akapewa cherehani au jembe, na usiku ule ule akaamka akiitafuta bunduki chini ya kitanda.

Ugonjwa wa wakati uliopita usiopita

Kila anayetoka vitani hubeba kumbukumbu mbaya, lakini si kila mmoja huwa mgonjwa. Wengi hutulia taratibu wakiwa kati ya watu wao. Kwa wengine kumbukumbu hazitulii. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuingiza ugonjwa huu katika orodha yake rasmi, kwa sehemu kubwa kutokana na hali ya askari waliorudi kutoka Vietnam. Dalili zake zinajulikana. Tukio hurudi lenyewe, usiku kwa ndoto na mchana kwa picha. Mgonjwa hukwepa kila kinachomkumbusha. Mwili hukaa macho wakati wote, hushtuka, hukosa usingizi, huwaka hasira. Na moyo hujaa hatia, aibu, au ubaridi hata mbele ya watoto wake mwenyewe.

Mwanafunzi wa isimu akisikiliza atasikia pia jambo la sarufi. Kiswahili chetu cha Lubumbashi kina njia ya wazi ya kuliweka jambo mbali: -li- mbele ya kitenzi na -ka mwishoni. Balikuyaka: walikuja, ni zamani, kuja kwao kumekwisha. Banakuya: wanakuja, ni sasa hivi, kimbia. Mtu anayeruka kitandani saa nane ya usiku hapigi kelele "balikuyaka". Anapiga kelele "banakuya". Mke wake, aliyelala kando yake katika nyumba tulivu ya Katuba, anasikia kitenzi cha wakati uliopo kwa jambo la miaka ishirini iliyopita.

Sidai kwamba sarufi ndiyo inayoleta ugonjwa. Nasema inatusaidia kuuona. Wataalamu huutafsiri kwa namna inayofanana. Wanasema kumbukumbu ina pande mbili: ule wa moto, yaani sauti, harufu, mapigo ya moyo, maumivu, woga, na ule wa baridi, yaani mahali, tarehe, mpangilio wa mambo, nani alikuwako, kabla yake kulikuwa nini na baada yake nini. Kwa mgonjwa, moto upo wote lakini baridi imekatika. Harufu ya mpira unaoungua mtaani inatosha kuuwasha moto ule, na kwa kuwa hauna tarehe wala mahali, mwili unaamini uko pale pale.

Jinsi tiba inavyofanya kazi

Tiba ninayoizungumzia huitwa tiba ya kukabili. Aliyeiweka katika mpango unaotumika sana ni Edna Foa, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Vikao huwa 8 hadi 15 hivi, na kila kimoja huchukua dakika 60 hadi 90. Mgonjwa husimulia tukio baya tangu mwanzo hadi mwisho, mara nyingi, mbele ya mtabibu. Masimulizi hurekodiwa, naye huyasikiliza nyumbani. Sambamba na hayo huandika orodha ya mahali na mambo anayoyakwepa ingawa hayana hatari, akiyapa alama za woga kuanzia 0 hadi 100, kisha huyaendea hatua kwa hatua akianza na yale mepesi. Anayeogopa soko huanza kusimama ng'ambo ya barabara asubuhi soko likiwa tupu, na hukaa pale mpaka woga upungue wenyewe. Kiini chake ni kwamba woga usiokimbiwa hushuka. Ukiukimbia kila mara, mwili haupati nafasi ya kujifunza kwamba hakuna kilichokuja.

Kwa nchi kama yetu kuna tatizo. Mpango huu huanza na tukio moja baya kuliko yote. Mtu aliyechukuliwa na kikundi akiwa mtoto, akapita misitu mitatu na makambi manne, achague lipi? Hapo ndipo walipoanzia Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Walichukua tiba ya kukabili wakaiunganisha na desturi ya ushuhuda iliyoanzia Chile wakati wa utawala wa kijeshi, ambapo watu walioteswa walisimulia na maneno yao yakaandikwa. Matokeo yake ni tiba ya kusimulia maisha yote.

Katika kikao cha kwanza mgonjwa hutandaza kamba sakafuni. Kamba ni maisha yake, tangu kuzaliwa. Juu yake huweka maua kwa mambo mema na mawe kwa mambo mabaya, makubwa na madogo, kwa mpangilio wa miaka. Pale walipotibiwa wapiganaji wa zamani viliongezwa vijiti, kwa ajili ya matendo ambayo mtu mwenyewe aliwatendea wengine. Vikao vinavyofuata huitembea kamba. Wakifika kwenye jiwe hupunguza mwendo: uliona nini, ulisikia nini, mwili ulifanya nini, na sasa hivi unaponieleza mwili unafanya nini? Mtabibu humshika mgonjwa katika nyakati mbili kwa pamoja, ya kule na ya hapa, mpaka moto upungue. Baadaye huandika, na kikao kifuatacho humsomea. Mgonjwa husahihisha. Mwisho wa yote hupewa kitabu cha maisha yake mwenyewe. Kwa lugha yetu, ndiyo kazi ya kuligeuza jiwe moja moja kutoka banakuya hadi balikuyaka.

Je, inafaa kwa watu wetu, au ni dawa ya Ulaya tu? Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, jaribio lililochapishwa mwaka 2008 lilihusu wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia. Watabibu hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo mafupi. Mwishoni, asilimia 70 ya waliopata tiba ya kusimulia hawakuwa tena na ugonjwa, dhidi ya asilimia 37 ya wale waliofuatiliwa tu bila tiba. Haki inanidai niseme pia kwamba kundi la tatu, lililopata ushauri wa namna nyingine, lilifikia asilimia 65. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba watu wachache zaidi waliiacha tiba ya kusimulia njiani, asilimia 4 dhidi ya 21. Mwaka 2011 likachapishwa jaribio la kaskazini mwa Uganda lililohusu vijana 85 waliowahi kuwa askari watoto: vikao 8, na watabibu walikuwa wenyeji waliofunzwa. Waliosimulia maisha yao walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa masomo ya ziada na faraja. Na huko Goma tiba hii ilitolewa kwa wapiganaji waliokuwa wakitoka porini, na washauri Wakongo, na dalili za kiwewe zikapungua. Goma ni nchi yetu, na wengi wa wale watu husema Kiswahili.

Jamaa: kuta tunazojenga kwa upendo

Nina baba mdogo aliyekuwa askari kwa miaka kumi na mmoja. Ameniruhusu niandike haya bila jina lake. Tiba ninayoieleza hajaipata. Nyumbani kwake nimejifunza kitu ambacho vitabu hukitaja kwa mistari michache: namna jamaa nzima inavyojipanga kuuzunguka ugonjwa. Mama mdogo ndiye anayefungua mlango wa kiwanja, kwa sababu mume wake hapendi kubishiwa hodi. Watoto wanajua kutovunja kuni karibu na dirisha lake. Usiku wa Mwaka Mpya, fataki zinapolia, redio huwashwa kwa sauti ya juu na yeye huwekwa chumba cha nyuma. Nkambo, mama yake, hubadilisha mazungumzo kila jina la mji fulani linapotajwa. Hakuna aliyeagiza hayo. Yalikuja moja baada ya jingine, kila moja kwa huruma, na leo baba mdogo hatoki kwenda soko la Kenya kwa miaka, kwa kuwa daima yupo mtu wa kwenda badala yake.

Kila kitu tunachomfanyia ili asikumbuke kinamwambia: uko sahihi, kuna hatari kule. "Sahabu" ni tofali la kwanza la ukuta huo. Linaagiza jambo lisilowezekana, maana hakuna anayesahau kwa kuamriwa. Kisha linamfunga mdomo, kwa sababu akisema tena ataonekana amewaangusha waliomwomba asahau. Wahenga walishatuonya: mficha maradhi, kilio humfichua.

Basi jamaa wafanye nini? Si kumlazimisha asimulie mezani, wala kumpeleka soko kwa nguvu. Kukabili bila mpango na bila ridhaa ni kumwumiza mara ya pili, na mtu asiye na mafunzo asiyaguse mawe ya mwenzake. Kazi ya jamaa ni nyingine, nayo ni kubwa. Kwanza, kuujua ugonjwa kwa jina, wajue si laana, si ulegevu, si uchawi wa jirani. Pili, kumsindikiza anapokwenda kwa mtabibu, na kuvumilia kipindi cha mwanzo, maana wiki za kwanza za tiba ndoto zinaweza kuongezeka kabla ya kupungua. Jamaa wengi humtoa mgonjwa hapo, wakidhani tiba inamwua. Tatu, kuziondoa kuta taratibu, kwa kufuata hatua alizokubaliana na mtabibu: wiki hii afungue mlango yeye mwenyewe huku mke amesimama nyuma yake. Nne, kubadilisha neno. Badala ya "sahabu", waseme: "Niko hapa. Siku utakayotaka kwenda, tutaenda sote."

Lakini kusaidia kuna mpaka. Kiwewe kinaeleza hasira, hakihalalishi kipigo. Mke anayepigwa asiambiwe avumilie kwa sababu mume wake ni mgonjwa. Usalama wake na wa watoto hutangulia tiba yoyote. Na mgonjwa anayesema anataka kujiua, au aliyezama katika pombe, anahitaji kwanza daktari wa kumtuliza na kumlinda, mawe yatasubiri.

Lugha ipi, na jina lipi?

Sasa nifike kwetu. Tiba hii ni masimulizi, na masimulizi huwa katika lugha fulani. Askari wa Lubumbashi ana lugha ngapi? Lugha ya jeshi letu tangu Force Publique ni Kilingala. Amri alizozisikia usiku wa shambulio zilikuwa za Kilingala. Alimlilia mwenzake kwa Kiluba au Kibemba, lugha ya mama yake. Nyumbani anasema Kiswahili. Akifika hospitali, fomu imeandikwa Kifaransa, na mara nyingi maswali yanaanza kwa Kifaransa. Anayejibu kwa Kifaransa cha shule anatoa tarehe na majina ya mahali, yaani ule upande wa baridi, na moto unabaki ndani kwa lugha nyingine. Mtabibu anaandika kwamba mgonjwa amesimulia bila shida.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mkalimani wa tiba hii iwe kinyume cha ile tunayofundishwa darasani. Asisafishe. Kama amri ilikuwa ya Kilingala, ibaki Kilingala ndani ya masimulizi ya Kiswahili, kama ilivyosikika. Kama mgonjwa anachanganya lugha tatu katika sentensi moja, huko kuchanganya ni ramani ya tukio lenyewe. Na mkalimani asigeuze nyakati za vitenzi. Mgonjwa akisema "banakuya" na mkalimani akaandika kwa Kifaransa "walikuja", amemnyima mtabibu habari muhimu kuliko zote: kwamba kwenye jiwe hili, vita bado vinaendelea.

Kanuni ya pili inahusu maneno ya dalili. Dodoso za kimataifa huuliza juu ya "kumbukumbu zinazojiingiza" na "hali ya kuwa macho kupita kiasi". Tafsiri hizo ni Kiswahili, lakini hakuna mtu wa Rwashi anayezitumia. Watu husema "niko na mawazo mingi", "kichwa inazunguluka", "roho inapiga". Je, "mawazo mingi" ni huzuni, ni wasiwasi wa kodi ya nyumba, au ni tukio linalorudi? Inaweza kuwa yote matatu. Kulitenganisha hilo ni kazi ya semantiki, na haifanywi na daktari peke yake kati ya wagonjwa thelathini wa asubuhi moja.

Kisha kuna jina la tiba. Kifaransa kinasema exposition. Nimewasikia wenzangu wakipendekeza "tiba ya kufichua". Kufichua ni kumtoa mtu aliyejificha, na kwa mtu aliyewahi kujificha porini neno hilo linanuka kukamatwa. Wengine wamesema "kuanika". Neno ni zuri: tunaanika mihogo iliyolowekwa ili isioze, tunaanika bilamba vikauke. Lakini "kumwanika mtu" ni kutangaza siri zake hadharani, na tiba hii inasimama juu ya siri kati ya watu wawili. Mimi napendekeza "tiba ya kusimulia", kwa sababu inamweka mgonjwa kuwa mtenda wa kitenzi. Yeye ndiye anayesimulia. Hakuna anayemfichua wala kumwanika. Mnaweza kunipinga. Ninachoomba ni kwamba ubishi huu ufanywe na watu wa lugha kabla neno baya halijabandikwa kwenye mlango wa chumba cha mashauri.

"Hii si desturi yetu"

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni kwamba Mwafrika hazungumzi mambo ya aibu mbele ya mgeni. Nendeni kwenye kilio chochote hapa mjini. Mfiwa amekaa chini, na kila anayeingia anaambiwa upya: aliugua siku gani, alipelekwa wapi, alisema nini mara ya mwisho, roho ilitoka saa ngapi. Siku ya kwanza mama hawezi kumaliza sentensi. Siku ya nne anasimulia yote kwa mpangilio, analia mahali pake, anaendelea. Hakuna anayemwambia asahau. Tunamketisha, tunamsikiliza, tunamrudisha kwenye maneno mpaka kifo kipate tarehe. Desturi hiyo tunayo kwa wafu wa kitandani. Kwa wafu wa vitani tumeikataa, labda kwa sababu mtu anayewalilia huenda ndiye aliyewaua baadhi yao.

Hata michoro yetu inashuhudia. Miaka ya 1970 katika nyumba za mji huu watu walitundika ukutani picha walizoziita ukumbusho, na mojawapo iliyopendwa ilionyesha mfungwa akichapwa fimbo wakati wa Wabelgiji, huku watu wake wakitazama. Mnamo 1973 na 1974 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia yote ya nchi, pamoja na vita na mauaji yake, katika michoro ipatayo mia, akamweleza Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika kampasi yetu, mchoro baada ya mchoro, kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Hakuwa mganga wala sisemi alikuwa akitibu. Nasema kwamba kuliweka jambo la kutisha mbele ya macho, kulipanga kwa miaka na kulisimulia, ni kitu ambacho mji huu ulikifanya sebuleni bila kusubiri Konstanz.

Wengine husema sala inatosha. Sina ugomvi na sala, na mgonjwa anayepata nguvu kanisani asinyang'anywe nguvu hiyo. Lakini mchungaji anayetangaza kwamba ndoto za askari ni pepo la kufukuzwa, na zikirudi ni kwa sababu ya imani haba, anamwongezea mzigo wa hatia mtu aliyekuja nayo tayari. Mchungaji anayesema "nitakuombea, na Jumanne nitakusindikiza kwa mtabibu" amefanya kazi ya wachungaji kumi.

Tunachoweza kuanza

Sisi si watabibu na tusijifanye. Lakini ng'ambo ya ua wetu kuna Fakilte ya Saikolojia na Fakilte ya Tiba, na katika mji huu mna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain. Mambo manne yanawezekana bila kusubiri fedha za nje.

La kwanza, orodha ya maneno. Wanafunzi wa lugha za Kiafrika wakae na wanafunzi wa saikolojia, wakusanye namna watu wa Katuba, Kenya na Rwashi wanavyotaja woga, mshtuko, ndoto, hatia na hasira kwa Kiswahili, Kilingala, Kiluba na Kibemba, na waonyeshe kila neno linakoishia na lingine linakoanzia.

La pili, mafunzo mafupi ya ukalimani wa afya, kwa kanuni nilizozitaja. Leo mkalimani wa hospitali mara nyingi ni mtoto wa mgonjwa, na hakuna baba atakayeweka vijiti vyake juu ya kamba mbele ya binti yake.

La tatu, vipindi vya redio vya dakika kumi kwa ajili ya jamaa, kwa Kiswahili kile kile kinachosemwa nyumbani: ugonjwa ni nini, kwa nini "sahabu" haisaidii, mpaka uko wapi.

La nne linatuhusu sisi wenyewe. Sisi wa isimu hatukosi tamaa ya korpasi. Masimulizi ya askari yangetupa viambishi, ngeli na mchanganyo wa lugha wa kutosha kwa tasnifu ishirini. Ni lazima tukubaliane mapema kwamba masimulizi ya chumba cha tiba ni mali ya msimulizi. Anapewa yeye kitabu mwishoni, si sisi. Asiyekubali hilo asiingie katika kazi hii.

Naomba idara yetu iweke jambo hili katika ratiba ya semina za mwaka ujao wa masomo, na iwaalike wenzetu wa saikolojia waje na maswali yao. Katika kambi za Vangu na Kimbembe wapo wake wanaojua tayari kitenzi kinachopigiwa kelele saa nane ya usiku. Wamekisikia kwa miaka bila kuambiwa kwamba kinaweza kubadilishwa wakati, na hakuna sababu wasiambiwe hivyo kwa lugha yao.